Babu Yetu, Fundi wa Korona

 

Mwezi huu nawaletea habari za babu yangu mzaa mama. Ukoo wetu umekuwa na mjadala mrefu juu ya kiwanja chake kule Ngamiani, Tanga, na kadiri tulivyoendelea kujadiliana nimeona jambo moja. Wengi wetu tuliotawanyika huku nje tunamkumbuka mzee yule kwa maneno matatu tu: mchapakazi, mkarimu, mbunifu. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ukiyaandika chini ya picha ya mzee mwingine yeyote, naye yatamkaa. Vitukuu wake waliozaliwa huku wanaona picha ya mtu mwenye kofia na kanzu, wanasikia maneno hayo matatu, wanarudi kwenye simu zao. Siwalaumu. Hatujawapa kitu cha kushika.

Basi leo nataka niwape kitu cha kushika.

Watoto wetu wakisikia neno "korona" wanakumbuka barakoa na shule zilizofungwa mwaka 2020. Kwa watu wa Tanga wa umri wa mama yangu, korona ni mashine. Ndiyo iliyokuwa ikisaga majani ya mkonge na kutoa singa, zile nyuzi nyeupe za kusokotea kamba na kufumia magunia. Majani hupangwa kwa kulala kwenye mkanda, yakabanwa katikati, kisha ngoma kubwa yenye visu butu huyapiga upande mmoja na baadaye upande wa pili, huku maji yakimwagika kuondoa nyama ya jani. Katika kilo 100 za majani unapata kama kilo 4 tu za singa. Zilizobaki zote ni maji na makapi, na harufu yake ukishaivuta utotoni huisahau.

Babu alikuwa fundi wa mashine hiyo katika mashamba ya upande wa Muheza na Korogwe. Mkonge wenyewe haukuwa wa kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, kutoka Florida, na miche iliyofika hai ni 62 tu. Kutoka miche hiyo mkoa mzima ukageuka kuwa mistari ya mkonge, na watu wakaja kutoka kila pembe ya nchi na nje yake kufanya kazi ya umanamba. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa karibu tani 230,000 kwa mwaka, na hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyotupita. Babu aliingia humo akiwa kijana wa kubeba mafuta ya grisi, akatoka akiwa fundi mkuu. Shule aliyoijua ni ya Kurani peke yake. Michoro ya mashine ilikuwa ya Kizungu, hakuweza kuisoma maandishi, lakini picha zake alizielewa kuliko waliosoma maandishi.

Lazima ujue kitu kimoja juu ya mkonge ili umwelewe babu. Jani likishakatwa halingoji. Likikaa siku chache linakauka, na singa haitoki tena vizuri. Kwa hiyo korona ikisimama, kazi ya mamia ya watu waliokata majani tangu alfajiri inaoza pale pale. Fundi haambiwi "njoo kesho". Anaamshwa saa nane za usiku, anaenda na taa ya chemli, na akikosa kipuri hana duka la kukimbilia, maana kipuri kiko Ulaya na meli inachukua miezi. Mtu aliyeishi hivyo miaka zaidi ya 20 hujifunza kutazama alicho nacho kwanza, kabla ya kufikiri asicho nacho. Ubunifu tunaomsifia ulianzia hapo. Alilazimika, na watu walikuwa wakimngoja.

Ile mashine ilimlipa na ilimdai. Masikio yake yaliharibika kwa kelele. Alipofika umri wa miaka 50 ulikuwa ukimwita mara tatu ndipo ageuke. Lakini alikuwa na njia yake. Aliweka kiganja juu ya chuma, akafumba macho, akatulia. Akishatoa mkono anakwambia beringi ya upande gani inaanza kuchoka. Mama anasema hata watoto wakiwa na homa aliwapima hivyo hivyo, kiganja mgongoni, kimya, kisha anasema: "Huyu ni kifua," au "Huyu ana njaa tu."

Kisha ikaja nailoni. Kamba za plastiki zikawa rahisi, bei ya mkonge ikaanguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ikawa mali ya serikali, na mengi hayakusimama tena kama zamani. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 nchi nzima haikufikisha tani 40,000 kwa mwaka. Babu hakungoja mwisho huo. Katikati ya miaka ya 1970 korona aliyokuwa akiitunza ilizimwa, naye akafunga zana zake kwenye gunia la mkonge, akaja mjini, akajenga kibanda cha mabati Ngamiani, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba.

Tanga ni mji wa baiskeli, na riziki yake ya kwanza ilikuwa kuziba pancha. Mtu aliyekuwa akiamuru mtambo unaosaga shamba zima sasa anainama juu ya beseni la maji kutafuta povu kwenye mpira wa Phoenix ya muuza samaki. Jirani mmoja alimtania: "Fundi mkuu, umeshuka." Akamjibu: "Nimeshuka kwenye gari, sijashuka kwenye safari."

Mimi nilizaliwa nikakuta kibanda kipo, na kumbukumbu zangu za kwanza ni za miaka ile migumu baada ya vita vya Kagera. Vita viliisha mwaka 1979, lakini madukani vitu vilikuwa vimekwisha. Wasomaji wenye umri wangu mnaikumbuka foleni ya sukari, foleni ya unga, foleni ya khanga. Mnakumbuka nguo zikifuliwa kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haikuwepo. Mnakumbuka mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi, jinsi watu walivyotupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo.

Katika miaka hiyo kibanda cha babu kilikuwa kama hospitali ya vitu. Betri za redio zilizokwisha alizianika juani juu ya bati, zikapata uhai wa kutosha kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Makopo ya maziwa aliyageuza koroboi. Tairi la lori lililokwisha likawa katambuga, na mtu wa kwanza kuzivaa alikuwa yeye, ili asionekane anamuuzia mwenzake kitu asichokitaka. Sprigi ya gari alikata kipande, akakipasha moto, akakichonga meno, kikawa jino jipya la mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi ile mama anayo mpaka leo. Imekuna nazi ya harusi nne.

Wazee wetu walisema, ivushayo ni mbovu. Chombo kibovu kinachokuvusha ni bora kuliko kizuri ambacho hakipo. Babu aliishi ndani ya methali hiyo, lakini aliiongezea sharti: kikishakuvusha, kitengeneze, maana kuna mwingine anakuja nyuma yako.

Kitu chake kikubwa kilikuwa pampu ya kisima. Nyuma ya nyumba tatu za mtaa wetu kulikuwa na kisima cha pamoja, na mabomba ya mji yakikauka watu wote walikimbilia pale. Ilikuwa kazi ya wasichana kuvuta ndoo kwa kamba, na mikono yao ilichubuka. Siku moja babu alichukua ringi ya baiskeli isiyo na tairi, akaisimamisha juu ya kisima kwenye fremu ya mbao, akaiwekea mkono wa kuzungushia. Juu ya ringi akapitisha kamba ndefu ya mkonge iliyofungwa mwisho kwa mwisho, na kwenye kamba akafunga vipande vya mviringo vya tairi, kimoja baada ya kingine kwa nafasi ya dhiraa moja. Kamba ilishuka kisimani upande mmoja na kupanda upande wa pili ndani ya bomba jembamba. Vile vipande vya tairi viliingia ndani ya bomba kwa kuenea karibu kabisa, kwa hiyo ukizungusha ringi, kila kipande kinapandisha maji yaliyo juu yake. Hakuna vali, hakuna umeme. Mtoto wa miaka minane aliweza kujaza ndoo.

Watu wengi sehemu nyingi za dunia wamegundua namna hiyo ya pampu, kila mmoja kwa njia yake, na babu hakuwahi kudai kuwa wa kwanza. Ninachotaka mkijue ni habari ya kamba. Kamba ya mkonge huoza ndani ya maji. Kila baada ya miezi kadhaa ilikatika, vipande vya tairi vikazama, na babu akaanza upya kusokota na kufunga. Aliitengeneza hivyo mara nyingi sana. Wanawe walimwambia atumie nailoni, akakataa. Nailoni ndiyo iliyozima korona yake, ndiyo iliyowarudisha rafiki zake vijijini mikono mitupu. Kwake ilikuwa kama jina la adui.

Kisha ukaja mwezi wa kiangazi kamba ikakatika siku ambayo jirani yetu alikuwa amejifungua usiku, na asubuhi nyumba ile haikuwa na maji ya kumwogeshea mtoto. Babu alikaa kimya kidogo, akapanda baiskeli, akaenda bandarini. Alirudi na kamba ya nailoni ya buluu kutoka kwa wavuvi. Akaifunga mwenyewe, fundo kwa fundo, hakumruhusu mtu amsaidie. Alipomaliza alisema neno moja ambalo ukoo mzima unalijua: "Kamba haina kosa. Wenye kiu ni watu." Pampu ile ilifanya kazi miaka mingi baada ya siku hiyo.

Nikiulizwa babu yangu alikuwa nani, hujibu kwa habari hiyo. Mtu hodari wa mikono wapo wengi. Mtu anayeweza kufunga kwa mikono yake kitu kilichomuumiza, kwa sababu mtoto wa jirani anahitaji maji, hao ni wachache.

Lakini tusimfanye malaika, maana malaika hawafundishi watoto wetu kitu. Babu alikuwa mkali. Hakujua kusifu. Ukimletea kazi nzuri aliigeuza juu chini kutafuta kasoro, akiikosa alikwambia, "Haya, nyingine." Na alikuwa na dhuluma moja ambayo hakuiona kuwa dhuluma. Wajomba zangu watatu aliwafundisha ufundi kwa fimbo na kwa upendo. Mama yangu, aliyekuwa na akili ya chuma kuliko wote, alipewa kazi ya kushika taa. Jioni kazi ikichelewa aliitwa asimame na koroboi ili mwanga uangukie jiliwa, na akiuliza swali aliambiwa, "Wewe mulika." Alimulika tangu akiwa na miaka tisa mpaka alipoolewa.

Wajomba wote watatu waliondoka, mmoja Dar es Salaam, wawili Muscat. Hakuna aliyeshika ufundi. Babu alipoanza kupoteza macho kwa mtoto wa jicho, aliyekuwa karibu ni mama. Ndipo ikaonekana kwamba miaka yote ile ya kushika taa alikuwa akisoma. Alijua kila zana na mahali pake. Alijua gundi ya pancha hupakwa na kuachwa ikauke kwanza ndipo kiraka kiwekwe, na wenye haraka ndio wanaorudi kesho na pancha ile ile. Kwa miaka sita ya mwisho kibanda kiliendeshwa na macho ya mama na kiganja cha babu. Mteja akija akimtafuta fundi, mzee alinyoosha kidole na kusema: "Fundi ni huyo. Mimi namshikia taa."

Mama huisema sentensi hiyo kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma bei ya nyanya. Lakini nimemsikia akiirudia zaidi ya mara mia.

Sasa nirudi kwenye mjadala. Babu alifariki mwaka 2001. Kibanda kimefungwa kwa kufuli kwa miaka mingi, bati limetoboka, na kiwanja kiko mahali penye biashara. Mjomba mmoja anataka kivunjwe, zijengwe fremu za maduka, kodi imtunze mama na ilipe dawa zake za presha. Baadhi ya binamu zangu walioko Uingereza na Marekani walichukia. Waliandika maneno makali kwenye kundi letu la WhatsApp: huko ni kuuza kumbukumbu ya mzee, tuchange tukihifadhi kibanda kama kilivyo. Mjomba akawajibu kwamba ni rahisi kuhifadhi bati ambalo halikuvujii wewe. Kwa wiki mbili hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Aliyemaliza ugomvi ni mama, kwa ujumbe wa sauti wa dakika moja. Alisema: "Wanangu, baba yangu angekuwa wa kwanza kukivunja hicho kibanda kama kinaziba riziki ya mtu. Vunjeni. Lakini kabla ya kuvunja, mimi nataka kusema kilichomo."

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Kila Jumapili, saa kumi za jioni kwa saa za Tanga, mjukuu mmoja aliyeko kule anafungua kibanda na kuwasha kamera, na mama anakaa kwenye kigoda. Anachukua zana moja, anataja jina lake, anaeleza ilitoka wapi na ilifanya nini. Sisi wengine tunasikiliza, na vitukuu wana ruhusa ya kuuliza. Mpaka sasa tumepita jiliwa, fuawe, keekee, tupa za aina tano, na bati lililotobolewa kwa misumari alilokwangulia mpira kabla ya kuupaka gundi. Wanangu wamejifunza kwa Jumapili hizo maneno ya Kiswahili ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuyasahau. Binti yangu wa miaka 11 alimuuliza bibi yake kwa nini hakuruhusiwa kutengeneza tangu mwanzo. Kukawa na kimya. Kisha mama akacheka, akasema, "Muulize babu yako ukimwota. Na mimi nangoja jibu." Lile lilikuwa swali ambalo hakuna mtu mzima kati yetu aliyewahi kumuuliza.

Fremu zitajengwa masika yakiisha. Zana zitagawanywa, na zile zisizo na mwenyewe zitakwenda kwa kijana wa baiskeli wa barabara ya jirani, zisiende kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Wasomaji wangu, najua wengi wenu mna mzee wa namna hii, awe alikuwa nahodha wa jahazi Lamu, mshona kofia Unguja, fundi wa magari Bujumbura au mkulima wa kahawa Bukoba. Naomba niwaachie machache tuliyojifunza.

Usiulize, "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa kuwa alikuwa mtu mzuri sana, na mazungumzo yataishia hapo. Uliza juu ya kitu. Hii panga aliinunua wapi? Alipokosa kamba alifungia nini? Alirudi nyumbani saa ngapi, na aliporudi alikuwa akisema nini kwanza? Nani alimdai, na alilipaje? Kitu kimoja kinavuta kingine, na baada ya nusu saa mzee ameingia chumbani.

Pili, mtafute aliyeshika taa. Katika kila familia yuko mtu aliyekuwa karibu na kazi bila kuhesabiwa: shangazi, mke mdogo, mtoto wa jirani, kijana aliyelelewa pale. Mara nyingi ndiye anayejua, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumpigia simu kwa ajili hiyo. Mpigie wiki hii. Chagua saa ambayo hana kazi jikoni, na usimkatize akienda kombo, maana huko kombo ndiko kuliko na habari.

Tatu, mpe mtoto kazi. Baiskeli ya binti yangu ilipotoboka, hatukuipeleka dukani. Tuliweka beseni sakafuni hapa Reading, tukatafuta povu, tukakwangua, tukapaka gundi, tukangoja. Alitaka kubandika mara moja, nikamwambia gundi ina subira yake, ndivyo alivyosema babu wa korona. Akaniuliza huyo babu alikuwa na haraka na nini basi. Nikamwambia, na majani ya mkonge.

Kama nanyi mna habari za mzee wenu na kitu alichokitengeneza, tuandikieni. Tutazichapa zile zenye kitu cha kushika. Mpaka mwezi ujao, kaeni salama, na wasalimieni wazee.